Sale ya mazoezi Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mitindo mipya

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wenye sale wenzangu wa mitaa ya Katuba, Kenya (ni mtaa wa hapa, si nchi), Kampemba na Ruashi, pamoja na wachache wa Likasi. Mengi hunifikia kwa sauti za WhatsApp usiku, wateja wakishaondoka. Nimeyapanga kuanzia yale ya kila siku hadi yale yanayotokea mara moja kwa mwaka na kukukuta huna jibu. Nasema "sale" kwa sababu ndivyo tunavyoita hapa. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi asome jimu.

## Mambo ya msingi

Hii mitindo mipya inatoka wapi, na nani anaamua kwamba ni mitindo?

Orodha nyingi unazoziona kwenye simu zinatokana na uchunguzi wa ACSM, chama cha Marekani cha tiba ya michezo. Tangu 2006 chama hicho huwauliza watu wa fani kila mwaka nini kitavuma mwaka unaofuata. Orodha ya 2025 iliweka juu vifaa vya kuvaa kama saa janja, zikafuata programu za mazoezi za simu, mazoezi ya wazee, mazoezi ya kupunguza uzito, na nafasi ya tano vyuma vya kawaida.

Isome kama maoni ya wataalamu, wengi wao wakiishi mahali ambapo umeme haukatiki. Kisha tazama orodha za nyuma. Mazoezi makali ya vipindi vifupi yaliongoza 2014, mwaka uliofuata yakapisha mazoezi ya uzito wa mwili, na 2018 yakarudi kileleni. Mwenye sale aliyebadilisha vifaa kila orodha ilipobadilika alilipa mara tatu. Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui: kwa miaka sita mfululizo, 2008 hadi 2013, kilichoongoza orodha hiyo hakikuwa kifaa chochote. Alikuwa kocha aliyesomea kazi yake na mwenye uzoefu.

Nina pesa ya jambo moja tu mwaka huu. Niiweke wapi?

Kwa kocha. Na ukiwa bado huna pesa hata ya hilo, anza na daftari. Andika jina la kila anayeingia, tarehe na saa. Baada ya wiki nane utaona nani alikuwa anakuja mara tatu kwa wiki na sasa haji. Mpigie simu: "Mama, hatujakuona, kuna shida?" Sijaona mashine iliyowahi kunirudishia wateja wengi kuliko simu hizo.

Daftari pia litakufundisha majira ya mji wetu. Septemba watu hupungua kwa sababu ada za shule zimemaliza mfuko. Juni na Julai kundi la saa kumi na moja alfajiri hupungua kwa baridi, maana asubuhi za hapa huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Ukijua hayo, hutadhani mteja amekimbilia sale ya jirani.

Mteja anahitaji mazoezi kiasi gani? Kila mtandao unasema lake.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2020: mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Zile 150 ni sawa na mara tatu za dakika 50. Hesabu ya shirika hilo hilo ni kwamba mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakufikia kiwango.

Usisahau kuuliza mteja anaishi vipi. Mama anayetembea na beseni kichwani kutoka Ruashi hadi sokoni amekwisha kumaliza dakika zake za kutembea. Anachokosa ni nguvu za mgongo na miguu, kwa hiyo usimpandishe kwenye mashine ya kukimbilia ili atembee tena.

## Umeme, mashine na fundi

Ninunue mashine za kukimbilia? Wateja wanaziulizia sana.

Wanaziulizia kabla ya kujiandikisha. Baada ya hapo, wengi hawazipandi.

Mwaka wangu wa tatu nilinunua mbili za mitumba kutoka kwa mfanyabiashara aliyeniapia kwamba zilikuwa za hoteli. Zilishuka Dar es Salaam, zikapita Zambia, zikalala siku nyingi mpakani Kasumbalesa. Moja ilikuwa imetengenezwa kwa soko la Marekani, volti 110, na sisi tunatumia 220. Fundi aliichomeka hivyo hivyo, ikatoa moshi kabla hata mteja hajapanda. Ya pili ilifanya kazi miezi minne, kisha ikafa usiku mmoja umeme uliporudi kwa nguvu baada ya deletaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu. Fedha ile ingemlipa kocha kwa muda mrefu, na bado inaniuma.

Ukiamua kununua, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kutoa pesa. Kiwe na volti 220 hadi 240 na Hz 50. Nunua kidhibiti cha volti chenye uwezo wa mashine hiyo, si kile cha televisheni. Uliza mkanda na ubao wa umeme vya kubadilishia vinapatikana wapi, na usikubali jibu la "nitakuletea". Na umeme ukikatika, usiruhusu mtu awe juu ya mashine unaporudi: zima swichi, ngoja dakika kadhaa, ndipo uwashe.

Kuna mashine za moyo na mapafu zisizohitaji umeme?

Zipo, na kwangu mimi huu ndio mtindo mpya unaotufaa kuliko yote. Baiskeli ya feni, yenye mikono inayosukumwa mbele na nyuma, hutumia upepo kama uzito: ukikaza, nayo inakaza. Mashine ya kupiga makasia ya upepo ni vilevile, na skrini yake ndogo hutumia betri. Ipo pia mashine ya kukimbilia yenye mkanda uliopinda ambao huzungushwa na miguu ya anayekimbia. Haina mota kabisa, ila bei yake ni kubwa.

Kamba ya kuruka ni nyepesi kuliko zote. Tengeneza nafasi ya sakafu, nunua kamba ishirini, na deletaji ya saa kumi na mbili jioni haitakufungia mlango.

Sola inatosha kuendesha sale?

Inatosha kwa taa, muziki, feni na kuchajia simu za wateja. Taa moja ya LED hula wati 10 au 20. Mashine moja ya kukimbilia ikiwa na mtu juu yake hula mamia ya wati, na inaweza kupita 1,000. Kwa hiyo panga sola kwa ajili ya vitu vinavyomfanya mtu ajisikie salama na mwenye ari jioni. Mwanamke haingii kwenye sale yenye giza, hata kocha awe mzuri namna gani.

Vyuma vya kuchomelewa na fundi wa hapa vinafaa?

Vinafaa, na tusione haya. Huu ni mji wa shaba na chuma; mafundi wetu wa kuchomelea wamekulia kwenye karakana. Wengi wetu tulianza na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na ekseli ya gari. Benchi, fremu ya kuchuchumalia, nguzo za kujivutia juu, sanduku la kurukia: vyote fundi mzuri anavitengeneza kwa bei ndogo kuliko vya kuagiza.

Masharti yangu ni matatu. Pima kila sahani kwenye mizani ya sokoni na uandike uzito wake halisi kwa rangi, maana sahani mbili za "kilo 10" zikitofautiana kilo mbili zinaharibu mgongo wa mtu. Jaribu fremu mpya kwa uzito mkubwa zaidi ya ule utakaotumika, bila mtu chini yake, kabla ya kuifungua kwa wateja. Na mashine za kebo na kapi usizibahatishe. Kebo ikikatika, mteja anapigwa usoni. Hizo nunua, na kila Jumatatu pitisha kitambaa juu ya kebo nzima. Ikinasa nyuzi, ondoa mashine kazini siku hiyo hiyo.

Vijana wanaulizia Hyrox. Ni nini, na tunaweza kuifanya hapa?

Ni mashindano yaliyoanzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 2017. Unakimbia kilomita 1 mara nane, na baada ya kila kilomita kuna kituo cha kazi: kusukuma sleji mita 50, kuivuta mita 50, kupiga makasia mita 1,000, kubeba vyuma viwili mita 200, kupiga hatua za magoti ukiwa na mfuko wa mchanga mita 100, na mengineyo.

Tunaweza kuifanya vizuri sana. Sleji ni kazi ya nusu siku kwa fundi. Mfuko wa mchanga ni gunia imara lililoshonwa mara mbili. Kwa kubeba vyuma viwili, wanaume wa daraja la kawaida hutumia kilo 24 kila mkono na wanawake kilo 16, na hata vibuyu vya maji vya lita 20 vinaweza kutumika kuanzia. Kukimbia, tunayo barabara ya Kasapa Jumapili asubuhi, kabla vumbi na magari havijaamka. Jina la Hyrox ni mali ya wenyewe, kwa hiyo shindano lako lipe jina lako.

Vipi kuhusu Pilates ya mashine, sauna na bafu la maji baridi?

Pilates ya mkeka ianzishe kesho, inahitaji mkeka tu. Ya mashine yenye springi iache mpaka upate fundi anayeielewa. Sauna inataka umeme mwingi. Maji baridi yanapendeza kwenye video, lakini tafiti zimeonyesha kwamba kuyaingia mara tu baada ya vyuma hupunguza ukuaji wa misuli, na misuli ndiyo wateja wetu wanayoilipia.

## Saa janja, simu na picha

Mteja anabishana nami kwa sababu saa yake inasema amechoma kalori 900. Nimwambie nini?

Mwambie kwa upole kwamba saa inajua mapigo ya moyo kuliko inavyojua kalori. Watafiti wa Stanford walijaribu vifaa saba mwaka 2017: sita kati yake vilipima mapigo kwa kosa lisilofika asilimia 5, lakini katika kalori hata kile bora kilikosea kwa asilimia 27. Basi mteja atumie saa kujilinganisha na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, asiitumie kuamua ale sahani ngapi za bukari (ugali wetu).

Zile hatua 10,000 nazo hazikutoka hospitali. Zilitoka kwenye jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Hatua 7,000 za kila siku ni bora kuliko 10,000 za Jumamosi moja.

Kwa asiye na saa, na hao ndio wengi, tumia kipimo cha maneno. Akiweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, yuko kwenye mazoezi ya wastani. Akiweza kusema maneno mawili matatu tu kabla ya kuvuta pumzi, yuko kwenye makali.

Wateja wanakuja na programu waliyoandikiwa na akili bandia. Je, kazi ya kocha imeisha?

Programu nyingi za namna hiyo si mbaya. Mazoezi ni yale yale tunayoyajua. Kinachokosekana ni jicho. Simu haioni kwamba goti la kushoto linaingia ndani, wala haijui kwamba mtu huyu amelala saa tatu kwa sababu ana zamu ya usiku mgodini. Mimi husema: "Lete tuisome pamoja." Ninabadilisha machache, ninaacha mengi, na mteja anaona kwamba simu na kocha hawagombani.

Naruhusiwa kupiga video wateja na kuzituma kwenye mitandao?

Omba ruhusa kwa kila mtu, kila mara, na ukubali jibu la hapana bila kununa. Kongo ina Kanuni ya Dijitali tangu 13 Machi 2023, na inalinda taarifa za mtu binafsi. Hata bila sheria, mji wetu ni mdogo. Mama aliyekuja kwa siri kupunguza tumbo akijiona kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, hatarudi, na dada zake hawatakuja. Taarifa za presha, ujauzito na magonjwa ziandike kwenye daftari la pili, lenye kufuli.

## Watu wanaoingia, na wale ambao bado

Wazee wanaweza kweli kuwa wateja? Hapa wazee wanakaa nyumbani.

Hapa ndipo ningependa kila mwenye sale asome polepole. Kuanzia saa tatu hadi saa sita asubuhi sale zetu ziko tupu, tunalipa kodi ya ukimya. Saa hizo hizo, mitaa yetu ina wastaafu wa migodi na wa reli wenye mgongo uliochoka, presha, na siku ndefu isiyo na shughuli. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya mizani ya mwili na nguvu angalau siku tatu kwa wiki. Si anasa. Mzee akivunjika nyonga, familia nzima inalemaa naye.

Anza na kiti kisicho na mikono, kilichoegemezwa ukutani. Mzee akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Andika idadi. Hicho ndicho kipimo chake na ndicho zoezi lake la kwanza. Papa mmoja, mstaafu wa karakana, alianza kwa mara sita huku akishika ukuta. Baada ya miezi mitatu alifika kumi na moja, na alichofurahia zaidi ni kwamba aliweza kunyanyuka kwenye kiti cha kanisa bila mjukuu kumshika kwapa. Alituletea wenzake wanne.

Punguza muziki. Waite papa na mama, kamwe usiwaite kwa jina tupu mbele ya vijana. Pima presha kabla ya kila kipindi (tazama swali la presha kwenye kesi za pembeni). Kundi lisizidi watu wanane kwa kocha mmoja, na baada ya mazoezi waachie dakika kumi za kukaa na kuongea, maana kwa wengi hizo ndizo zinazowatoa nyumbani.

Niweke saa za wanawake peke yao?

Ndiyo, ukiweza kuwa na kocha mwanamke. Pazia bila kocha mwanamke ni nusu ya kazi.

Mteja mjamzito aendelee?

Mimba isiyo na tatizo hairuhusu tu mazoezi, inayahitaji: mwongozo ni dakika 150 za wastani kwa wiki. Aje na neno la daktari au mkunga. Aepuke kulala chali muda mrefu baada ya miezi mitatu ya kwanza, aepuke michezo ya kuanguka na joto kali, na asianzishe uzito mpya asiouzoea. Damu, maji kutoka, kizunguzungu au maumivu ya kifua: anaacha na anakwenda hospitali. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri ruhusa, aanze na pumzi na kutembea.

Madarasa ya dansi bado yana soko, au yamepitwa?

Yana soko, na sisi tuna hazina ambayo wengine wanainunua. Rumba ya Kongo iliingia kwenye orodha ya UNESCO Desemba 2021. Sikiliza jinsi wimbo wake ulivyojengwa: mwanzo wa taratibu, mashairi, kisha sebene inakuja na magitaa na kila mtu anainuka. Tayari ni joto la mwili likifuatwa na kipindi kikali. Mazoezi yale maarufu ya Mjapani Izumi Tabata, ya 1996, ni sekunde 20 za kukaza na 10 za kupumzika, mara saba au nane. Sebene ya dakika nne inakupa nafasi hiyo hiyo bila kengele. Panga nyimbo tano, mbili za mwisho za polepole, na una darasa la dakika 40. Usiwape vipindi vikali zaidi ya mara mbili au tatu kwa wiki.

Kampuni za migodi zinaweza kunilipia wafanyakazi wao?

Zinaweza. Nenda na mpango ulioandikwa: saa zinazolingana na zamu, bei ya kikundi, ankara rasmi, na jina la kocha. Madereva na waendesha mitambo hukaa saa nyingi, kwa hiyo zungumzia mgongo, usingizi na presha, usizungumzie vifua vipana. Kampuni ipewe orodha ya mahudhurio peke yake; yaliyomo kwenye daftari lenye kufuli si yake.

## Bei na malipo

Abonema ya mwezi, yaani ada ya uanachama, inawashinda wengi. Nifanyeje?

Fungua njia zaidi ya moja. Weka bei ya siku kwa franka, kwa mtu anayepata pesa siku kwa siku. Weka kadi ya mara kumi isiyo na haraka ya kuisha, ukiipa miezi mitatu. Weka abonema ya mwezi kwa wenye mshahara, kwa dola au franka, na uandike kiwango cha kubadilishia ukutani kila Jumatatu ili pasiwe na mabishano mlangoni. Pokea M-Pesa, Airtel Money na Orange Money kwa laini ya sale, isiwe laini ya kocha.

Na Septemba ruhusu mteja kusimamisha abonema yake kwa mwezi bila kupoteza siku. Anayeheshimiwa wakati mfuko umekauka hurudi Oktoba.

## Chakula, vidonge na sindano

Wateja wangu wengi hawataki kupungua, wanataka kunenepa. Wanatumia vidonge vya sokoni. Niseme au ninyamaze?

Sema. Katika mitindo yote ya dunia sijaona orodha iliyolitaja hili, na kwetu ni jambo la kila wiki.

Kwanza, mwanamke anayetaka makalio na mapaja kujaa hajakosea. Ni mwili wake na ndivyo uzuri unavyoonekana machoni pa watu wetu. Tatizo ni njia. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila karatasi ya daktari mara nyingi huwa na siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi, na deksametasoni, ambayo ni ya jamii ya kotikosteroidi. Hii ya pili inavimbisha uso, inashika maji mwilini, inapandisha sukari na presha, na ikitumika muda mrefu inadhoofisha mifupa na misuli yenyewe. Ndiyo maana unaona uso umejaa na miguu imebaki myembamba.

Na asikatishwe ghafla. Aliyeitumia wiki nyingi, tezi zake za juu ya figo zimezoea kulala. Akiacha siku moja anaweza kuanguka vibaya sana. Mpeleke kwa daktari, amshushie dozi pole pole. Usimwambie "tupa hizo dawa leo".

Mbadala wako ni huu: kuchuchumaa na uzito, kuinua nyonga ukiwa umeegemeza mgongo kwenye benchi, hatua za magoti, mara tatu kwa wiki, na uzito unaopanda. Chakula kiongezwe: bukari na ndakala (dagaa), maharagwe, karanga, mayai, parachichi. Piga picha (za kwake mwenyewe, kwenye simu yake) kila wiki nne. Miezi mitatu inatosha kuona tofauti, na tofauti hiyo haitoki na maji.

Na sindano za kupunguza uzito?

Ni dawa halisi. Semaglutidi iliidhinishwa Marekani 2017 kwa kisukari na 2021 kwa uzito. Zinapunguza njaa, na pamoja na mafuta hupunguza misuli pia, kwa hiyo anayezitumia anahitaji vyuma mara mbili au tatu kwa wiki na protini ya kutosha. Lakini Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu semaglutidi bandia. Sindano iliyokaa kwenye mkoba wa mfanyabiashara bila friji usiisifu, usiiuze, usimchome mtu ndani ya sale yako.

Unga wa protini ni lazima?

Si lazima. Anayenyanyua vyuma anafaidika na takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kilo 70 ni gramu 112. Yai moja lina kama gramu 6, na ndakala wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Samaki wa tomsoni, soya, maharagwe na viwavi vinamaliza hesabu. Unga ni kwa mwenye haraka na mwenye pesa.

Kreatini ndiyo nyongeza yenye ushahidi mzuri kuliko nyingine, gramu 3 hadi 5 kwa siku. Mteja amwambie daktari wake kwamba anaitumia, kwa sababu inaweza kupandisha kipimo cha kreatinini kwenye damu na kufanya figo zionekane mbovu.

## Kesi za pembeni

Mteja ana presha ya juu. Aingie?

Nunua kipimo cha presha cha mkononi kabla ya kununua kioo. Presha huitwa ya juu kuanzia 140/90 ikipimwa zaidi ya siku moja, na mtu huyu afanye mazoezi, ya wastani, bila kubana pumzi wakati wa kunyanyua. Ikiwa 180/110 au zaidi hata baada ya kupumzika, hafanyi chochote siku hiyo, anakwenda kwa daktari. Akiwa na maumivu ya kichwa makali, kifua au kuona giza, usimwache aende peke yake.

Mteja ni SS, au ana ndugu mwenye SS.

SS ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Iko katika familia nyingi za hapa, na fomu za kujiandikisha zilizonakiliwa mtandaoni haziulizi. Wewe uliza, faraghani. Mwenye SS anaweza kufanya mazoezi mepesi kwa ruhusa ya daktari: maji mengi, mapumziko marefu, nguo za joto asubuhi za Juni, hakuna kushindana na saa. Maumivu yakianza, mazoezi yameisha.

Mbebaji, yaani AS, kwa kawaida huishi bila shida. Lakini katika mazoezi makali sana, kwenye joto, mwili ukiwa hauna maji, wachache wameanguka. Usiwahi kumnyima mtu maji ili "kumkomaza", na usimdhihaki anayeomba kukaa.

Mgeni alifanya darasa kali Jumamosi, Jumatatu mkojo wake ni kama kahawa.

Hospitali, leo. Misuli iliyovunjika kupita kiasi inamwaga sumu kwenye figo. Usimpe dawa za maumivu, usimwambie ni kawaida ya wanaoanza. Kwa mgeni, wiki mbili za kwanza ni nusu ya kazi ya wenzake, hata akilalamika kwamba hajatokwa jasho. Aliyetoka kuugua malaria naye arudi hivyo hivyo.

Baada ya mpox, tusafisheje?

Mpox huambukiza kwa kugusana ngozi na kwa vitu vilivyochafuka. Kila mtu na taulo yake, juu ya kila benchi. Sabuni na maji kwanza, kisha javeli (dawa ya klorini ya kusafishia) iliyozimuliwa: kipimo 1 cha javeli ya asilimia 5 kwa vipimo 49 vya maji, kisha pangusa vyuma kwa maji safi maana javeli inakula chuma. Mwenye vipele visivyojulikana apumzike nyumbani na aende kituo cha afya, na aambiwe hivyo pembeni, kwa sauti ya chini.

Mtu akianguka na hapumui?

Mmoja apige simu na kutafuta gari, maana kungoja gari la wagonjwa peke yake kunaweza kuchukua muda. Wa pili aanze papo hapo kubana kifua katikati kwa mikono miwili, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wakibadilishana kila dakika mbili. Hayo hayajifunzwi kwa kusoma. Omba Msalaba Mwekundu wawafundishe makocha wako wote, pamoja na anayekaa mlangoni, na andika kwenye ukuta jina la hospitali iliyo karibu na namba ya dereva wa teksi anayelala mtaani kwenu.